Seli Zilizodhaniwa Zimeshiba

Ninaishi na mastositosi, yaani ugonjwa wa kuwa na seli za masti nyingi kupita kiasi mwilini. Wenzangu wa bwenini wanayajua masharti yangu: sikogi maji ya moto sana, sijisugui kwa dodoki, simezi asprini bila kumwuliza daktari, na nyuki ninamkimbia kuliko nyoka. Wengine huona ninadeka. Ndiyo maana nimetaka kuonyesha masharti haya yalikotoka.

Mwaka 1869 daktari Mwingereza, Edward Nettleship, aliandika habari za mtoto wa kike wa miaka miwili mwenye madoa ya kahawia yaliyobaki baada ya vipele. Baadaye Mfaransa Jean Darier alieleza kwamba doa la namna hiyo likisuguliwa huvimba na kuwasha. Madaktari hulisugua hadi leo ili kuutambua ugonjwa. Kwa hiyo hatari ya dodoki ilionekana kwenye ngozi kabla sababu yake haijajulikana.

Seli zenyewe zilipewa jina na Paul Ehrlich mwaka 1878, angali mwanafunzi kama sisi. Kwa kutumia rangi za viwandani aliona seli zilizojaa chembechembe. Alidhani zimelishwa kupita kiasi, akaziita kwa neno la Kijerumani linalohusu kunenepesha mifugo. Dhana ilikufa, jina likabaki! Mwaka 1887 Paul Unna alizikuta zimejazana ndani ya yale madoa ya ngozi. Hata hivyo, hakuna aliyejua zinabeba nini.

Kwangu mimi, mwaka mkubwa zaidi katika historia hii ni 1953. Huko Dundee, Uskoti, James Riley na Geoffrey West walionyesha kwamba seli hizi ndizo ghala la histamini, kemikali inayopanua mishipa ya damu na kuleta uvimbe na kuwashwa. Hapo mambo yaliyoonekana hayana undugu yakaungana: joto, baridi, msuguano, pombe, sumu ya nyuki, hata dawa za maumivu kama mofini. Kila kimoja kinaweza kulifungua ghala lile lile, na histamini nyingi ikimwagika kwa ghafla, mtu anaweza kuzimia au kufa.

Lakini si kila kimoja humdhuru kila mgonjwa, kwa hiyo nina daftari. Pilipili hainisumbui kabisa. Maji baridi ya ziwani hunitoa vipele kabla sijafika magotini. Adrenalini yangu iko mfukoni, na mwenzangu wa chumbani anajua ni mfuko upi.