Figo, Kuvu na Hadhari ya Waganga

 

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Dk. Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya mtu mmoja wakampandikizia pacha wake. Figo ikafanya kazi, maana pacha hao walifanana kabisa, na mwili wa mgonjwa haukujua kwamba umeletewa kitu kigeni. Lakini ni wagonjwa wangapi walio na pacha wa namna hiyo? Wengine miili yao ilikikataa kiungo, kama mwenye nyumba amfukuzavyo mgeni asiyemjua.

Dawa iliyobadili mambo ilitoka, amini usiamini, katika kuvu ya udongo wa Norway. Mwaka 1972 wataalamu wa Basel, Uswisi, waligundua kuwa dawa hiyo, siklosporini, hutuliza walinzi wa mwili. Marekani iliiruhusu mwaka 1983. Ila angalieni: walinzi wakilala, hata mwivi hupita.

Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walieleza kuvu mpya iliyotoka sikioni mwa mgonjwa, wakaiita Candida auris. Auris ni sikio kwa Kilatini. Ni jamaa ya hamira tutiayo katika maandazi. Hata Kenya imeonekana hospitalini. Hukaa juu ya ngozi bila kumdhuru mwenyewe, na mara nyingi flukonazoli, dawa yetu ya kawaida ya kuvu, haiiwezi. Mwaka 2017 zilichapishwa habari za mgonjwa wa Marekani aliyepandikizwa mapafu, akaipata kuvu hiyo kutoka kwa mtoaji.

Basi waganga hujihadhari vipi? Mtoaji aliyelazwa siku nyingi huweza kupanguswa kwapani na kinenani kwa kijiti chenye pamba, na makohozi yake hupimwa. Hata maji ya kuhifadhia kiungo safarini hupimwa, maana kuvu ikiingia humo huweza kuula mshipa wa damu ulioshonwa, hata ukapasuka.

Shida ni wakati. Moyo haungoji ila saa chache, na kuvu huchukua siku kadhaa kuota maabarani. Majibu huja mgonjwa amekwisha shonwa. Hapo, kwa maoni yangu, simu hufaa kuliko kisu. Mtoaji mmoja huweza kutoa figo mbili, ini, moyo na mapafu, vikaenda hospitali mbalimbali. Kila mganga hana budi kujulishwa siku ile ile. Akijua mapema, huiacha flukonazoli akashika dawa za ukoo wa ekinokandini, ambazo mara nyingi bado zinaishinda.

Juma lijalo tutazungumza habari za damu. Kwaherini.