Achilles Mweusi na Baba Aliyekula Watoto

Mwaka 2018 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, likishirikiana na Netflix, lilionyesha tamthilia ya sehemu 8 iitwayo Troy: Fall of a City. Ilipigwa picha Afrika Kusini, na ilisimulia upya vita ambavyo Wagiriki wa kale walivisimulia kwa karne nyingi: Paris anamchukua Helen, mke wa Menelaus, kisha majeshi ya Wagiriki yanauzingira mji wa Troy kwa miaka 10. Achilles aliigizwa na David Gyasi, Mwingereza mwenye asili ya Ghana. Zeus, mkuu wa miungu, alikuwa Hakeem Kae-Kazim, mzaliwa wa Lagos. Patroclus, rafiki wa Achilles, alikuwa Lemogang Tsipa wa Afrika Kusini. Watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani walikasirika. Walisema historia imepotoshwa.

Neno hilo “historia” ndilo linalonishangaza. Achilles ni mtoto wa mungu wa kike wa bahari, na katika utenzi wa Homer farasi wake anasema kama mtu. Ni kweli kwamba Heinrich Schliemann alianza kuchimba huko Hisarlik, Uturuki, mwaka 1870, na wataalamu wengi wanakubali kwamba hapo ndipo Troy ilipokuwa. Lakini kupata kuta za mji si kumpata Achilles. Ni kweli pia, na lazima tuseme, kwamba Homer anamtaja Achilles kuwa na nywele za rangi ya dhahabu, kwa hiyo walalamikaji walikuwa na kitu cha kushika. Walichosahau ni kwamba Wagiriki wenyewe walimweka Mwafrika katika vita hivyo. Memnon, mfalme wa Waethiopia, alikuja kuisaidia Troy, akamuua Antilochus, naye akauawa na Achilles. Alikuwa na utenzi wake, ambao karibu wote umepotea. Mtu anayelilia usahihi wa hadithi hii angepaswa kumlilia na Memnon, lakini sijasikia aliyefanya hivyo.

Nilitaka kujua watu wa kwetu Ayivu wanasemaje. Huku hadithi kama hizi hazikuja kwa vitabu. Zilikuja kwa vibanda vya video: mabenchi, televisheni moja, jenereta nje, na watoto wanaochungulia kwenye matundu ya ukuta. Katika vibanda vya Uganda filamu haiendi peke yake. Kuna VJ, yaani mtu anayetafsiri na kusimulia juu ya sauti ya waigizaji, na VJ Jingo ni mmoja wa waliovuma sana kwa kazi hiyo. Kenya wana DJ Afro, na Tanzania walikuwa na Lufufu, ambao walifanya kazi hiyo kwa Kiswahili. VJ wetu wakubwa wanasema Kiluganda. Mtu wa Arua anakifahamu nusu, kwa hiyo jirani aliyewahi kuishi Kampala anamnong’oneza kwa Kilugbara, na kama kuna dereva aliyetoka Aru au Ariwara, ng’ambo ya mpaka wa Kongo, basi kwa Kiswahili. Hadithi ya Kigiriki iliyoandikwa kwa Kiingereza inafika benchi la mwisho ikiwa imepita midomo mitatu. Nadhani Homer angejisikia nyumbani hapo, maana utenzi wake nao ulitoka kwa waimbaji waliosimama mbele ya watu, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Spika tu ndizo zingemsumbua.

Nilipoonyesha sehemu chache za tamthilia hiyo kwa majirani na watu wa sokoni, nilitegemea wangemfurahia Achilles mweusi. Haikuwa hivyo. Mwendesha bodaboda mmoja alikataa katakata: “Huyu si Achilles. Achilles ni yule wa kwanza.” Wa kwanza kwake ni Brad Pitt, katika filamu ya Troy ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Wolfgang Petersen. Vijana hawakujali rangi. Walilalamika kwamba wanaongea sana na kupigana kidogo. Maoni yaliyonisaidia zaidi yalitoka kwa mama mmoja anayeuza vitenge. Filamu ya 2004 iliwaondoa miungu wote, na yeye hakuwahi kuelewa kwa nini mtoto wa mfalme aangamize mji wa baba yake kwa ajili ya mke wa mtu. Katika tamthilia aliwaona miungu wakitembea kati ya watu, na mmoja wao akimwahidi Paris mwanamke huyo. “Sasa naelewa,” alisema. “Alipewa zawadi yenye deni.” Kwake miungu ndiyo iliyoifanya hadithi iwe na akili.

Kisha mtu akauliza: huyu Zeus, baba yake ni nani? Nikawaeleza habari za Kronos jinsi Hesiod alivyozisimulia, kwamba aliwameza watoto wake watano mmoja baada ya mwingine kwa kuogopa kupinduliwa, na wa sita, Zeus, akaokolewa kwa sababu mama yake alimpa Kronos jiwe lililofungwa nguo. Wakacheka, wakaipenda. Mimi nikasema, kama Dribidu. Kicheko kikakatika. Mzee mmoja akaniambia mambo hayo hayasemwi mbele ya watoto.

Kwa msomaji asiyetoka West Nile: Walugbara wanasimulia juu ya mashujaa wawili waliozaa waanzilishi wa koo zao. Mmoja ni Jaki, ambaye safari yake iliishia Mlima Liru, huko Koboko. Wa pili ni Dribidu, ambaye safari yake iliishia Mlima Wati, huko Terego, ambao wazee wengine wanauita Eti. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Walugbara kuanzia mwaka 1949, aliandika kwamba Dribidu alikuwa na nywele mwili mzima, na kwamba alikula watoto wake mpaka akagunduliwa na kufukuzwa ng’ambo ya mto Nile. Baadaye alimponya mwanamke mwenye ukoma na kuzaa naye. Middleton alieleza kwamba ukatili huo una kazi ndani ya hadithi: shujaa anaishi kinyume cha kila desturi kwa sababu desturi zenyewe hazijaanza. Koo, mahari na sheria zinakuja baada yake. Watu haohao walisimulia kwamba Wazungu wa kwanza kufika walikula watu na kutembea kwa vichwa. Kila kinachotoka nje ya utaratibu kilisemwa hivyo.

Kwa nini basi Kronos anachekesha na Dribidu anatia aibu? Sidhani ni kwa sababu Dribidu ni babu yetu, maana Wagiriki wa leo hawaoni haya kwa Kronos. Naona ni njia ambayo kila mmoja alipita. Kronos alikuja na kitabu, na chuo kikuu, na sasa kamera. Dribidu alibaki na wazee, na tangu wamisheni walipofika Mvara mwaka 1918, wazee hao walisikia miaka nenda rudi kwamba mambo yao ni ya giza. Mwendesha bodaboda yule anamlinda Achilles wa Brad Pitt kama mali ya ukoo, lakini hajui Dribidu alifia mlima gani, ingawa kukiwa hakuna ukungu anauona mlima huo akiwa kazini.

Baadaye nilikwenda Terego. Mzee wa kwanza niliyemuuliza alisema Dribidu hakula mtoto yeyote, na kwamba hayo ni maneno ya Mzungu aliyeandika. Jirani yake, aliyekuwa akichonga mpini wa jembe, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Alikula. Ndiyo maana walimfukuza.” Wakabishana mpaka jua likazama. Niliandika maneno ya wote wawili, kila mmoja kwenye ukurasa wake.