Arita na Kilima cha Izumiyama

Arita ni mji mdogo ulio bondeni katika mkoa wa Saga, kisiwani Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani. Umeishi kwa jiwe. Vita vya mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, dhidi ya Korea, kati ya 1592 na 1598, viliwapatia watawala wa ukoo wa Nabeshima wafinyanzi wa Kikorea, wengi wao mateka. Mapokeo yanasema mmoja wao, Yi Sam-pyeong, aligundua jiwe la kauri katika kilima cha Izumiyama mwaka 1616. Jiwe hilo husagwa na kukandwa, kisha chombo huchomwa kwa joto la nyuzi za Selsiasi zipatazo 1,300. Hutoka cheupe, kigumu, na kikigongwa hulia kama kengele.

Majoko yalikula kuni hata misitu ikaanza kuisha. Mwaka 1637 watawala walibakiza majoko 13 na kuwafukuza wafinyanzi wa Kijapani zaidi ya 800. Wakorea wengi waliachwa wabaki. Mateka wa jana ndio waliokuwa na ujuzi.

Vyombo vya mwanzo vilipambwa kwa buluu tu, iliyochorwa kabla ya chombo kuvikwa utando wa kioo. Katika miaka ya 1640, Sakaida Kizaemon anasifiwa kwa kufaulu kupaka nyekundu, kijani na manjano juu ya utando huo na kuzichoma tena kwa moto mdogo. Alipata jina la Kakiemon, linalohusishwa na kaki, tunda lenye wekundu wa chungwa. Mtindo wake huacha weupe mwingi bila kuguswa: tawi moja, ndege wawili, basi. Huo weupe ndio pambo lenyewe.

Ukoo wa Ming uliotawala China ulipoanguka mwaka 1644, vita viliiadimisha kauri ya China. Wafanyabiashara wa Kiholanzi wakageukia Arita, na mwaka 1659 waliagiza vyombo zaidi ya 50,000. Kwa kuwa shehena ilitokea bandari ya Imari, Ulaya iliviita vyombo hivyo Imari, na jina la gati likafunika la mji. Kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilichoanzishwa 1710, kiliviiga bila kificho.

Moto wa 1828 uliteketeza sehemu kubwa ya Arita. Vichochoro vyake vina kuta za matofali ya majoko yaliyobomolewa, na hekalu la Tozan lina lango la kauri. Izumiyama sasa ni shimo pana. Mawe mengi ya kazi hutoka visiwa vya Amakusa.