Gome la Homa na Kipimo Chake

Atokaye Bukavu kwa njia ya Walikale hupita msitu wa Kahuzi, huteremka Bunyakiri, na mwishowe hufika Hombo, penye mto utengao Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini. Nyuma yake ameacha milima ya baridi na miti ya kwinini, ambayo watu wa Kivu huiita kinkina. Mbele yake yako joto, msitu mzito na mbu. Dawa huota mlimani, homa hukaa bondeni. Basi mtu akishuka na magome mfukoni, akayaloweka katika chupa ya kanyanga ampe mtoto mwenye homa, tusimcheke. Desturi ya kuloweka gome hilo ina historia ndefu, na kwa sehemu kubwa ilipita mikononi mwa watu wa Kanisa.

Mti huu asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Wayesuiti wa Peru walileta magome yake Roma katika karne ya 17, na Kardinali Juan de Lugo, Mhispania wa shirika lilo hilo, aliyagawa kwa maskini wenye homa. Karibu na mwaka 1650 ilitolewa huko Roma karatasi ya maelezo: gome lisagwe na kuchungwa, uchukuliwe uzito upatao gramu 7, uwekwe katika bilauri ya divai nyeupe kali saa 3 kabla ya homa kurudi, na mgonjwa anywe yote anapoanza kutetemeka. Tazameni jinsi walivyotaja uzito, saa na kinywaji. Divai haikuwekwa kwa anasa tu: nguvu ya gome haiyeyuki vema katika maji matupu, bali katika kileo hutoka upesi.

Waprotestanti wengi wa Uingereza waliikataa dawa hiyo kwa kuwa ilitoka kwa Wayesuiti. Hapo akatokea Robert Talbor, mtu mwerevu kuliko alivyokuwa mkweli. Katika kitabu chake cha mwaka 1672 aliwaonya watu juu ya unga wa Wayesuiti; yeye mwenyewe akauza dawa ya siri, akamponya mfalme Charles wa Pili, kisha mwana wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Louis aliinunua siri ile kwa ahadi ya kutoitangaza hadi Talbor afe. Alikufa mwaka 1681. Mwaka uliofuata siri ikachapishwa. Ilikuwa nini? Gome lile lile, limelowekwa katika divai!

Lakini tatizo moja lilibaki bila jibu. Gome la mti huu lina nguvu, la mti ule halina, na jicho haliwezi kuzitambua. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walitenga kwinini yenyewe kutoka katika gome, na tangu hapo iliwezekana kuipima. Ndipo tofauti ilipoonekana wazi: miti mingi ilikuwa na kwinini sehemu 2 au 3 tu katika 100, lakini ile iliyotokana na mbegu za Bolivia, alizozikusanya Manuel Incra Mamani na kuuzwa kwa Waholanzi mwaka 1865, ilifika hata 13. Waholanzi walitajirika kwa mashamba ya Java. Mamani alifungwa na kupigwa kwa sababu ya mbegu hizo, akafa.

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, na majeshi yaliyopigana nao yakakosa kwinini. Mashamba ya Kivu yakawa ya thamani kubwa, na kiwanda kikaanzishwa Bukavu, kile ambacho baadaye kiliitwa Pharmakina. Mwaka uo huo serikali ya Kibelgiji iliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 hadi 120. Wazungu walipigana, nasi tulilipa kwa jasho.

Turudi kwenye chupa yetu. Aliyeloweka hajui kama amepata sehemu 2 au 13. Ikiwa dhaifu, homa hutulia kidogo, wazazi hufurahi, na ugonjwa huendelea kumla mtoto ndani. Ikiwa kali, masikio huvuma, macho huona giza, kichwa huzunguka, na moyo waweza kudhurika. Na kanyanga, ambayo hakuna aijuaye nguvu yake, huongeza sumu yake juu ya ile. Hapa hatuwadharau wazee wetu waijuao miti. Dawa ya artemisinini, itumikayo leo kwa malaria, nayo ilitoka katika jani la Wachina, na Tu Youyou aliyeitafuta alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Naye hakuishia kuloweka tu: alitenga, akapima, akainywa mwenyewe kwanza.

Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linataka mtoto mwenye malaria kali apigwe sindano ya artesunate badala ya kwinini. Mtoto anayetapika kila kitu, anayeshikwa na degedege au asiyeamka, apelekwe kituo cha afya usiku huo huo, na chupa ibebwe pamoja naye, ili mwuguzi aone alichokwisha kunyweshwa.