Simba wa Serengeti waliuawa na nani?

Wadau, tukizungumzia simba na wafugaji wa Bariadi, Itilima na Meatu, stori huwa ni ileile: simba kala ng'ombe, vijana wamebeba mikuki. Stori hiyo ina ukweli wake. Kwa Msukuma ng'ombe ndiyo benki, ndiyo mahari, ndiyo ada ya shule. Na zamani aliyeua simba alizunguka akicheza ngoma na kutunzwa.

Lakini kipigo kikubwa walichopata simba wa Serengeti hakikutoka kwenye mkuki. Mwaka 1994, wakati Bariadi bado iko Shinyanga (Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012), simba walianza kutetemeka, kuanguka kama wenye kifafa na kufa. Walikufa takriban 1,000, yaani theluthi moja ya wote. Ugonjwa ulikuwa distempa, virusi vya mbwa.

Wataalamu wakaelekeza macho kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, hao hao wanaolinda zizi usiku. Baadaye ikabainika kwamba ukame wa 1993 nao ulichangia. Nyati walidhoofika, wakajaa kupe, na simba waliowala wakapata maradhi ya damu yanayoenezwa na kupe. Distempa ikawamalizia.

Mnaona hapo? Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Pori la Akiba Maswa likafuata 1962. Mipaka hiyo ilimzuia mfugaji na ng'ombe wake. Virusi vikapita bila kuulizwa kibali.

Baada ya hapo zikaja kampeni za kuchanja mbwa wa vijijini dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Simba wakaongezeka tena, na mwanakijiji naye akapona, maana kichaa cha mbwa kinaua watu.

Hapa ndipo ninapokwama. Mbwa wenye kichaa walikuwa wakiuma watoto miaka mingi kabla ya 1994. Ilibidi simba wafe ndipo sindano zifike kwa wingi?

Na ng'ombe akiliwa leo, serikali hulipa "kifuta jasho". Jina lenyewe linajieleza: si fidia. Ukimfuta mtu jasho, hasara yake bado iko palepale, na mkuki bado uko nyuma ya mlango.

Ya 1994 yalishatufundisha kwamba afya ya simba inaanzia kwenye boma la mfugaji. Kwa nini basi boma hilo tunalikumbuka simba akishakufa tu?

Nawakilisha.