Mwili Wenye Mwendo: Namna Wachoraji wa Katanga Walivyochora Mtu

Kila mwalimu wa kuchora anajua shida hii: kijana anachora mtu, lakini mtu yule anasimama kama nguzo ya umeme. Mikono imeshuka, miguu iko sawasawa, uso unaangalia mbele. Wengine wanasema ni juu ya desturi, eti wazee wetu hawakujua kuonyesha mwili wenye mwendo. Historia ya jimbo letu inakataa maneno hayo.

Tuanze na Waluba. Viti vyao vya enzi vinabebwa mara nyingi na sanamu ya mwanamke, kiti juu ya kichwa na ncha za vidole. Mwili wake ni mtulivu kabisa. Utulivu ule fundi aliuchagua, kwa maana enzi haikimbiekimbie. Tuangalie sasa Wachokwe na sanamu zao za Chibinda Ilunga, yule mwindaji mkubwa: magoti yamekunjwa, mabega yana nguvu, mikono na miguu ni mikubwa kupita kipimo. Ni mtu aliye tayari kwa safari ya pori. Basi fundi alijua vizuri mwili unasema nini.

Katika mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha atelye yake ku Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watu wakaiita Hangari. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya; kila mmoja achote katika kumbukumbu na macho yake mwenyewe. Bela alipaka rangi kwa vidole. Pili Pili Mulongoy alichora samaki na ndege. Mwenze Kibwanga alipanga mistari mifupi, mmoja kando ya mwingine, mpaka mwili wa mwindaji ukaonekana kama unatetemeka kwa mbio. Katika 1951, Laurent Moonens akafungua Akademia ku mji ule ule, penye masomo ya mpango. Romain-Desfossés alipokufa katika 1954, Hangari iliingia ndani ya Akademia, na Pili Pili pamoja na Mwenze wakafundisha pale. Kumbukumbu na masomo vikakaa nyumba moja.

Kisha wakaja wachoraji wa mitaa. Tshibumba Kanda Matulu, katika 1973 na 1974, alichora historia ya nchi kwa picha karibu 100. Tufikiri tu juu ya picha ya « Colonie belge », ambayo wachoraji wengi wa mji waliirudilia: mfungwa amelazwa chini, askari ameinua fimbo, mkubwa Mzungu amesimama wima anatazama. Hata mtu asiyejua kusoma anaelewa mara moja nani ana amri na nani anaumia. Miili yenyewe ndiyo inasema.

Sasa tuseme ya kazi. Kumbukumbu peke yake haitoshi, kwa sababu haina kitu kama macho hayajaipatia. Kijana asiige tu foto. Atoke, aangalie mama anayetwanga sombe, kijana anayesukuma kinga yenye mifuko ya makala. Darasani, mwanafunzi mmoja ashike mchi juu. Wenzake wachore kwa dakika 1 tu, halafu 5, halafu 20. Waanze na mstari wa uti wa mgongo. Waulize: uzito uko ku mguu gani? Mtu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande ule inapanda, na bega la upande ule kwa kawaida linashuka. Baadaye modeli aende kukaa, na wote wachore tena bila kumwona. Pale ndipo kumbukumbu inajengwa.

Kwa hiyo tusiwaambie watoto wachague kati ya modeli na desturi. Fundi wa kiti cha Waluba alichagua utulivu, Mwenze alichagua mbio. Mtoto anayejua kuchora mkao mmoja tu hana cha kuchagua, na kazi ya mwalimu ni kumfungulia mikao mingine.