Wakristo Tu: Karne Mbili za Kutafuta Meza Moja

Mwaka 1809, katika jiji la Glasgow, kijana wa miaka 20 aliingia kanisani na kipande cha risasi mkononi. Kilikuwa kidogo, mfano wa sarafu, na ndicho kilichokuwa kibali. Katika dhehebu lake la Kipresbiteri, waumini walihojiwa kabla ya siku ya Meza ya Bwana. Aliyeonekana anafaa alipewa kipande, na asiye nacho hakusogea. Alexander Campbell alihojiwa na akapewa chake. Watu walikula kwa zamu, meza baada ya meza, naye akawa anaahirisha akiipima dhamiri yake, mpaka ikabaki meza ya mwisho. Hapo alikitoa kipande chake kama wenzake, lakini mkate ulipomfikia hakuula. Aliinuka akaondoka, na dhehebu lile akaliacha moyoni siku hiyohiyo.

Ninaanza na kipande hicho kwa sababu makanisa yanayojiita leo “ya Wakristo tu”, yasiyotaka kuitwa dhehebu, hueleza asili yao kwa kutaja mafundisho. Nionavyo mimi, asili yao hasa ni meza, na swali la nani mwenye haki ya kumzuia mwenzake kuikaribia.

Wakati Alexander anahangaika Scotland, baba yake, Thomas Campbell, alikuwa ameshatangulia Pennsylvania, Marekani, na huko yalimpata yaleyale. Alikuwa mchungaji aliyetoka kaskazini mwa Ireland, na alishtakiwa mbele ya presbiteri yake, yaani baraza la kanisa. Miongoni mwa makosa yake, aliwakaribisha mezani Wapresbiteri wa matawi mengine, watu waliokaa porini miaka mingi bila kupata mchungaji wa kuwahudumia. Alijitoa, na mwaka 1809 akatoa andiko refu lililoitwa Tangazo na Hotuba. Ndani yake alidai kwamba kanisa la Kristo duniani ni moja, na kwamba mafarakano ya Wakristo ni uovu. Dawa yake ilikuwa kutomdai muumini jambo lolote ambalo Biblia haikulidai waziwazi. Baba na mwana walipokutana tena mwaka huo, kila mmoja alikuta mwenzake amefika palepale kwa njia yake.

Hawakuwa wa kwanza. Virginia, James O’Kelly alikwisha kuwaacha Wamethodisti kwa kuchoshwa na mamlaka ya askofu, na mwaka 1794 kundi lake likachagua kuitwa Wakristo, basi. Kule Vermont, Abner Jones alifanya jambo kama hilo mwaka 1801. Hao sitakaa nao, kwani moto mkubwa uliwaka Kentucky.

Pale Cane Ridge palikuwa na nyumba ya ibada iliyojengwa kwa magogo mwaka 1791. Mchungaji wake, Barton W. Stone, aliitisha mkutano wa Meza ya Bwana mwezi Agosti 1801. Makadirio ya waliofika yanaanzia watu 10,000 na kuendelea, katika nchi ambayo bado ilikuwa msitu. Walikuja kwa magari ya farasi wakapiga kambi. Wapresbiteri, Wamethodisti na Wabaptisti walihubiri kwa wakati mmoja, mmoja juu ya gari, mwingine juu ya kisiki, na watu wakaanguka chini, wakatetemeka, wakalia. Watumwa walikuwapo pia.

Stone aliyaona hayo na hakuweza tena kuamini kwamba Mungu anaheshimu mipaka ya madhehebu. Yeye na wenzake walijitenga wakaunda presbiteri yao ya Springfield. Haikumaliza hata mwaka. Tarehe 28 Juni 1804 waliiandikia wasia, kama mtu aandikavyo akiwa kitandani anakufa, wakitamka kwamba chombo hicho kife na kiyeyuke katika mwili mmoja wa Kristo. Sijui chombo kingine cha kanisa kilichojizika chenyewe kwa furaha namna ile.

Kuvunja ni kazi nyepesi. Swali lililobaki ni hili: ukishaondoa askofu, sinodi na ukiri wa imani, utaabudu vipi? Jibu la Stone na la akina Campbell lilikuwa kurudi kwenye Agano Jipya na kufanya yaliyomo. Alexander Campbell alipopata mtoto wake wa kwanza mwaka 1812, alilazimika kujiuliza kama atambatiza. Alisoma, na hakupata popote ubatizo wa watoto wachanga. Juni mwaka huo yeye, mke wake, wazazi wake na wengine walizamishwa katika kijito cha Buffalo, ubatizo wa maji mengi, kama tusemavyo huku kwetu. Meza ya Bwana, ambayo kwa Wapresbiteri ilikuja mara chache kwa mwaka, wao waliiandaa kila Jumapili, kwa kuwa Matendo sura ya 20 inataja wanafunzi wakikusanyika siku ya kwanza ya juma ili kuumega mkate. Kila kusanyiko liliongozwa na wazee na mashemasi wake wenyewe, bila makao makuu ya kuliamuru.

Aliyeyafikisha hayo kwa watu wa kawaida ni Walter Scott, mhubiri mzaliwa wa Scotland. Kuanzia mwaka 1827 alizunguka Ohio, na inasimuliwa kwamba akifika kijijini alianza na watoto waliotoka shule. Aliwaambia wanyooshe mkono wa kushoto na wahesabu vidole: imani, toba, ubatizo, ondoleo la dhambi, kipawa cha Roho Mtakatifu. Wakiisha kukariri, aliwaagiza wafumbe ngumi na wakimbie nyumbani wakawaambie wazazi kwamba usiku kuna mtu atahubiri injili iliyo kwenye vidole vyao. Mwalimu yeyote wa shule ya Jumapili anaijua nguvu ya somo linalobebwa mkononi.

Mwanzoni mwa mwaka 1832, mjini Lexington, watu wa Stone na watu wa Campbell walipeana mikono wakawa kundi moja. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama ndoto imetimia.

Ufa ulianzia kwenye kinanda. Huko Midway, Kentucky, karibu na mwaka 1860, uimbaji ulikuwa mbaya kiasi kwamba mhubiri L. L. Pinkerton hakuficha aibu yake, na kinanda kidogo kikaletwa kusaidia sauti. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wazee wa kanisa alikwenda usiku, akamwingiza mtumwa wake dirishani, wakakitoa. Kikaletwa kingine. Hebu fikiri: mtu anavunja usiku ili ibada ibaki safi, na mkono anaoutumia ni wa mtu anayemmiliki. Kisa hiki hunihuzunisha kuliko mabishano yote ya kimaandiko yaliyofuata.

Hata hivyo wapinga kinanda hawakuwa wajinga. Waraka kwa Waefeso unataja kuimba kwa moyo na hautaji chombo. Kama Biblia imenyamaza, je, ukimya huo unakataza au unaruhusu? Palepale ndipo walipoachana. Swali hilohilo liliwagawa juu ya chama cha kupeleka wamisionari kilichoundwa mwaka 1849, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikaongeza uchungu, pale chama hicho kilipopitisha azimio la kuunga mkono serikali ya Kaskazini mwaka 1863, huku ndugu zao wa Kusini wakizika watoto wao. Katika sensa ya dini ya Marekani ya mwaka 1906, Makanisa ya Kristo, yaani upande wa wapinga kinanda, yaliandikwa peke yake kwa mara ya kwanza, yenye waumini takribani 160,000, wengi wao Kusini. Waliokataa kuwa dhehebu wakawa na mstari wao kwenye daftari la madhehebu. Baadaye upande uliobaki nao uligawanyika, yakawa matawi matatu.

Afrika Mashariki tunayafahamu matunda ya mti huu. Chimala, mkoani Mbeya, Kanisa la Kristo lina hospitali ya misheni inayotibu watu wa bonde la Usangu na kwingineko. Na swali la meza lilitufikia hata bila wao. Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti walikutana Kikuyu, Kenya, wakazungumzia kushirikiana, na mwishoni wakala pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la Wapresbiteri. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Ni kipande kile cha Glasgow, kimevuka bahari.

Nchini Marekani kwenyewe wazo la kutokuwa na dhehebu limewapita warithi wa Stone na Campbell. Sensa ya dini ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya makusanyiko 44,000 yasiyo na dhehebu, yenye watu wapatao milioni 21, na mengi yana magitaa na ngoma ambazo yule mzee wa Midway asingezivumilia.

Ukiingia katika Kanisa la Kristo Jumapili asubuhi, bado utasikia sauti za watu tu, bila chombo, sauti nne zikipandana. Utaona mkate usiotiwa chachu ukipitishwa safu kwa safu, kisha kikombe. Kabla yake husimama ndugu asiyevaa joho, akaomba kwa maneno yake mwenyewe, na hakuna anayedaiwa kipande mlangoni.

Jumapili ya tarehe 4 Oktoba 2009, miaka 200 baada ya andiko la Thomas Campbell, waumini wa matawi yote matatu walikusanyika katika miji mbalimbali wakaila Meza ya Bwana pamoja. Jumatatu kila mmoja alirudi kwenye tawi lake, na matawi bado ni matatu.